Milima Iliyopokea Watoto
Safari ya familia kwenda Lushoto, na mambo ya kuwaonyesha watoto huko Usambara

Desemba ikifika, mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita Mombo yakiwa yamejaa familia. Mama amempakata mdogo, wakubwa wamebanana kiti kimoja, baba anasinzia. Basi likipunguza mwendo, wauzaji huinua mabeseni hadi dirishani: plamu, mapeasi, karoti zilizofungwa pamoja na majani yake. Mama hununua fungu moja haraka haraka, chenji inapokelewa basi likiwa linaondoka, na safari inaendelea. Watoto hula matunda hayo bila kuuliza yametoka wapi, na huku ukuta mkubwa wa milima umesimama pale pale upande wa kulia wa barabara, kichwa kimefunikwa na ukungu.

Wageni kutoka Ujerumani na Uholanzi hushuka Mombo wakapanda mlima huo. Sisi wenyewe twapita. Ukimwuliza mama wa Dar es Salaam au wa Morogoro kwa nini hajawahi kuwapeleka wanawe Lushoto, atakuambia kwamba utalii ni wa Wazungu, ama utalii ni kwenda kuona simba, na Lushoto hakuna simba. Majibu hayo yote mawili yana ukweli kidogo. Kukodi gari la kuingia mbugani ni mzigo mkubwa kwa familia inayotegemea mshahara mmoja. Lakini Lushoto hupandwa kwa basi la kawaida, mambo yake mengi huonekana kwa miguu, na kuhusu simba, tutaona mbele kidogo kwamba yuko mmoja.

Mama mpendwa, ukurasa huu unakuomba ushuke Mombo japo mara moja. Sitakueleza hoteli nzuri ni ipi. Nitakueleza jambo ambalo huenda usilikute katika vitabu vya watalii, nalo ni kwamba sehemu nyingi zinazotazamwa katika milima hii zina habari ya mtoto ndani yake. Ni mtoto aliyekataliwa, au aliyeachwa, au aliyefichwa, na mtu fulani akasema, huyu ataishi. Mama akizijua habari hizo kabla ya safari, atakuwa na la kuwaambia wanawe wanapouliza, "Mama, hapa palikuwa na nini?"

KUPANDA KUTOKA MOMBO

Kutoka Mombo hadi mji wa Lushoto ni kama kilomita 33, na karibu zote ni za kupanda na kuzunguka. Barabara hii ilichongwa katika mlima enzi za Wajerumani, nao wakauita mji huo Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Walipenda kukimbilia huko kwa sababu ya baridi, maana joto na malaria ya pwani vilikuwa vinawamaliza. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na mtoto aliyezoea Tanga au Dar es Salaam atalihisi badiliko hilo mwilini kabla hata hajashuka garini.

Watoto wengi hutapika kwenye kona hizo. Wape chakula chepesi asubuhi, wakalishe mbele, na uwe na mifuko mkononi, si ndani ya begi lililo juu ya gari. Waambie watazame mbali, ng'ambo ya bonde, si majabali yanayopita karibu na dirisha.

Karibu na nusu ya njia mtafika Soni, mji mdogo wenye maporomoko ya maji kando ya barabara. Watu wengi huyaona dirishani tu. Ni vema kushuka, kunyoosha miguu na kuwaonyesha watoto maji hayo. Na ni hapo Soni njia inapogawanyika kwenda Vuga na Bumbuli, na huko ndiko alikotawala yule simba niliyemtaja.

VUGA NA MTOTO WA MENO YA JUU

Vuga ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Wasambaa. Mfalme wake aliitwa Simba Mwene, na ukoo wa kifalme ni Wakilindi. Mwanzilishi wao ni mwindaji aliyeitwa Mbegha, anayesimuliwa kuwa aliingia Usambara katika karne ya 18. Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi mwishoni mwa karne ya 19, katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, na hadi leo wazee wa Usambara wanazisimulia.

Kwa kawaida msimulizi huanzia kwenye nyama. Mbegha alikuja na mbwa wake, akaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Watu wa Vuga waliposikia habari zake wakaja kumchukua, na njiani usiku akamwua simba. Akaingia Vuga kwa sifa hiyo, wakamfanya mfalme wao. Ni hadithi nzuri, nayo wavulana huipenda mno.

Lakini mimi naona mama aanzie nyuma zaidi, kule Ngulu alikozaliwa. Mbegha alipokuwa mchanga, meno yake ya juu yaliota kabla ya yale ya chini. Kwa desturi ya wakati ule mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na iliaminika kwamba ataleta vifo katika ukoo. Vigego hawakuachwa waishi. Wazazi wa Mbegha hawakukubali mtoto wao auawe, wakamlea. Wazazi hao walipofariki, ndugu wa ukoo walimnyima urithi, wakasema vifo vyote vilivyotokea nyumbani ni kwa sababu yake. Ndipo akachukua mbwa wake na silaha zake za kuwindia akaondoka. Alifika kwanza Kilindi, na huko nako mambo yakamwendea vibaya: mtoto wa mtawala alifia mawindoni akiwa pamoja naye, ikambidi kukimbia tena. Kwa hiyo yule aliyekuja kuwa Simba Mwene aliingia milima ya Usambara kama mtu aliyefukuzwa mara mbili.

Sisi tuliolelewa na Biblia tunajua habari nyingine ya namna hii, ya mama aliyemficha mwanawe miezi mitatu kisha akamweka katika kisafina kando ya mto. Watoto wa Shule ya Jumapili wanaijua vizuri. Waulize kama wanaona kufanana, kisha uwaache wajibu wenyewe.

Wala tusidhani kwamba habari ya kigego imekufa pamoja na wafalme. Wako mama wachanga wa leo, waliosoma, ambao meno ya juu ya mtoto yakitangulia hulala usiku wakilia, na bibi mmoja katika ukoo anaanza kunong'ona. Mwuguzi yeyote wa kliniki atakuambia kwamba meno ya watoto hayafuati mpangilio mmoja, na kwamba kutangulia kwa ya juu si ugonjwa wala si ishara ya jambo lolote. Mama aliyesimama Vuga na kusikia habari ya Mbegha anaweza kumwambia bibi huyo kwamba kigego mmoja aliachwa akaishi, na ukoo wake ukatawala Usambara zaidi ya miaka mia moja.

Ukifika Vuga usitegemee kukuta jumba la kifalme. Utakuta kijiji cha mlimani, migomba na mashamba, na nchi nzuri sana ya kutazama. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika hapa mwaka 1848 kuonana na mfalme Kimweri, kabla hakujawa na kanisa lolote katika milima hii. Utawala wa machifu ulifutwa na serikali baada ya Uhuru, mwaka 1963. Kinachobaki ni masimulizi, na masimulizi yako vinywani mwa wazee. Basi nenda na mwenyeji, salimia kwanza, eleza umekuja kufanya nini, na usiwe na haraka. Mchana, ukisema "onga mshi" badala ya "habari", utaona nyuso zinavyofunguka.

IRENTE

Kutoka mjini Lushoto hadi Irente ni kama kilomita 6, na njia ni nzuri kwa miguu kwa watoto wa kuanzia miaka saba hivi. Watu huenda huko kwa ajili ya jabali. Milima hukatika ghafla, na chini yako, karibu mita 1,000, ni Mazinde, mashamba ya mkonge, barabara kuu na nyika inayoelekea nchi ya Wamasai mpaka macho yachoke. Malori yanaonekana kama siafu. Mshike mdogo mkono wakati wote, tena mkono, si nguo; pale si mahali pa mchezo.

Njiani mtapita shamba la Irente, ambalo ni mali ya Kanisa la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Shamba hilo linajulikana kwa jibini, mkate mzito wa nafaka na jemu za matunda ya mlimani. Mama mwenye mti wa plamu au wa forosadi nyumbani atatoka hapo na mawazo. Matunda yanayooza chini ya miti yetu kila msimu yangeweza kuwa jemu ya miezi sita, na haihitaji mashine: ni sufuria, sukari, kuni, na chupa zilizochemshwa vizuri.

Lakini Irente si jabali na jibini tu. Hapo ipo Nyumba ya Watoto inayotunzwa na masista wa Kilutheri. Inapokea hasa watoto wachanga ambao mama zao walifariki wakati wa kujifungua au muda mfupi baadaye, na wengine ambao mama zao hawawezi kuwalea. Fikiri hali ya baba wa kijijini aliyebaki na kichanga cha siku tatu. Maziwa ya kopo ni ghali, maji ya kuchanganyia si salama, bibi amezeeka. Mtoto huyo hulelewa Irente wakati ule ulio wa hatari zaidi kwake, na akishakua kidogo hurudishwa kwa baba yake au kwa ndugu pale inapowezekana. Wasichana nao hujifunza hapo malezi ya watoto wachanga. Mimi naiona kazi hiyo kuwa kubwa kuliko jabali lenyewe.

Hapa lazima niseme jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yetu. Kumekuwa na mtindo wa vikundi vya akina mama, kwaya, na hata madarasa ya kipaimara, kwenda kwenye vituo vya watoto yatima kama watu waendao kwenye maonyesho ya Sabasaba. Tunaingia kwa kundi, tunapiga picha tukiwa tumewabeba watoto, tunagawa pipi, tunaimba, tunalia kidogo, tunaondoka. Mtoto mdogo aliyekwisha kupoteza mama mmoja hubebwa na mama ishirini katika saa moja, wote wakamweka chini na kwenda zao. Je, ungependa mwanao afanyiwe hivyo?

Kwa hiyo, ukitaka kufika kwenye Nyumba ya Watoto pamoja na familia yako, uliza kwanza kama mgeni anakaribishwa siku hiyo na saa hiyo. Mwenye mafua abaki nje. Picha usipige, hata kama hakuna aliyekukataza. Zawadi usigawe mkononi. Mpe sista ofisini, na kabla ya kununua uliza kinachohitajika. Mara nyingi utaambiwa sabuni au maziwa, mambo ambayo hayapendezi kwenye picha. Na kabla hamjafika, ongea na wanao. Mtoto wa miaka mitano atauliza kwa sauti, "Mama yake yuko wapi?" Mwandalie jibu la kweli na fupi: mama yake alifariki, na hawa masista wanamtunza. Watoto hupokea ukweli vizuri kuliko tunavyodhani. Kinachowatisha ni pale wanapoona mama ameshtuka.

Irente iko pia shule ya watoto wasioona, iliyoanza miaka ya 1960. Humo wanasoma pia watoto wenye ualbino, kwani wengi wao wana uoni hafifu. Tunakumbuka mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi yetu hasa kuanzia mwaka 2007. Wakati ule shule za namna hii ziligeuka kuwa kimbilio, na mama wengi walilazimika kuchagua kati ya kumlaza mtoto wao nyumbani kwa hofu na kumpeleka mbali akae salama. Ukikutana na wanafunzi wa shule hiyo njiani, wafundishe wanao kusalimia na kutaja majina yao, maana asiyeona hawezi kujua ni nani amesimama mbele yake akinyamaza. Hilo ni somo la adabu ambalo nyumbani hatulifundishi.

Tena iko shule iitwayo Irente Rainbow, ya watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Mtoto mwenye usonji huenda asikutazame usoni, asijibu jina lake, au arudie jambo moja mchana kutwa. Si mtukutu, wala hakulaaniwa, wala mama yake hakukosea mwiko akiwa mjamzito. Anahitaji kufundishwa kwa njia yake, kwa saburi na kwa utaratibu usiobadilika badilika.

Huenda msomaji mmoja wa ukurasa huu anaye mtoto wa namna hiyo. Wageni wakija humpeleka chumba cha nyuma. Kanisani haendi naye, kwa kuwa siku moja alipiga kelele wakati wa mahubiri na watu wakageuka. Mama huyu nisingemwambia aende Lushoto kutazama milima. Ningemwomba aende Irente aone watoto wanaofanana na wake wakivaa sare, wakifunga vifungo wenyewe, wakiwa na mwalimu anayewaita kwa majina. Kisha arudi nyumbani aulize ofisi ya elimu ya wilaya yake ni shule gani ya karibu yenye kitengo cha elimu maalumu. Vitengo hivyo vipo katika wilaya nyingi, lakini sisi akina mama tunaona aibu.

KIFUNGILO NA LUTINDI

Upande mwingine wa Lushoto, katikati ya misitu, kuna Kifungilo. Leo ni shule ya sekondari ya wasichana ya Kanisa Katoliki, na mzazi anayetafutia binti yake nafasi huenda ameshaisikia, kama alivyoisikia Mazinde Juu, shule ya wasichana iliyoanzishwa mwaka 1989 na kujipatia sifa nchi nzima. Lakini zamani za ukoloni masista wa Kifungilo walikuwa na nyumba ya kulelea watoto, na wengi wa watoto hao walikuwa machotara. Baba Mzungu hakutaka kujulikana, mama Mwafrika hakuruhusiwa au hakuweza kukaa naye, na mtoto akaletwa mlimani.

Mmoja wao, Maria Nhambu, aliyezaliwa mwaka 1943, baadaye alikwenda Marekani akawa mwalimu, na mwaka 2016 alitoa kitabu cha maisha yake ya utotoni kiitwacho Africa's Child. Hakupamba. Ameeleza wema aliotendewa, na ameeleza pia upweke na mateso. Nakitaja kitabu hicho kwa sababu sisi watu wa kanisa tunapenda kusimulia habari za vituo vyetu kama kwamba kumpa mtoto kitanda na uji kulimaliza kila kitu. Mtoto aliyelelewa na watu wema bado huuliza usiku, "Mimi ni wa nani?"

Lutindi iko mbali kidogo, katika milima hiyo hiyo lakini upande wa Wilaya ya Korogwe, na njia yake ni nyingine. Mwaka 1896 Wajerumani wa kanisa la Kiinjili walifungua huko makao ya watoto waliookolewa kutoka mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa. Hebu fikiri: mtoto ametembezwa kwa miguu kutoka bara, hajui tena kijiji chao kiko upande gani, na anapelekwa juu ya mlima wenye baridi kuanza maisha upya. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lutindi ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, na mpaka leo ni hospitali ya wagonjwa hao, chini ya Kanisa la Kilutheri. Kazi za shamba na za mikono ni sehemu ya tiba yao. Siwashauri watu kwenda Lutindi kutembea na watoto wadogo. Nimeitaja kwa ajili ya familia zenye mgonjwa ambaye amezungushwa kwa waganga hata mali imekwisha. Watu wa milimani waliijua kama mahali pa matibabu kabla wengi wetu hatujazaliwa.

MSITU NA UA LILILOSAFIRI

Baada ya mambo hayo mazito watoto watataka kukimbia. Wapeleke msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, ambao sasa ni hifadhi ya mazingira asilia. Huwezi kuingia bila kulipa kiingilio na kupata kiongozi wa njia, na ni vizuri hivyo. Ndani yake kuna mbega weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani, na watoto wataanza kubishana mara moja kama mfalme Mbegha aliitwa kwa jina la nyani huyo. Liko pia pango linalosimuliwa kwamba Wajerumani walilitumia kujificha katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Vinyonga wenye pembe puani nao wako, tena wa aina zisizopatikana pengine duniani. Wataalamu wamelipa kundi moja la vinyonga hao jina la kisayansi Kinyongia, kutokana na neno letu la Kiswahili. Watoto waangalie bila kuwagusa, wala wasinunue kwa mvulana yeyote anayewauza njiani.

Mwulize kiongozi kuhusu ua la Usambara. Ni mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya zambarau, unaopenda kivuli na mawe yenye unyevu. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul, aliona maua hayo akatuma mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea akalipa ua jina la familia hiyo, Saintpaulia. Leo liko madirishani mwa mama wa Ulaya na Marekani kwa mamilioni, katika vikopo vidogo, na wengi wao hawajui Usambara iko wapi. Huku kwetu lile la porini linazidi kuwa adimu, kwa sababu msitu umekatwa na kivuli chake kimekwenda pamoja na miti. Mama mwenzangu wa Lushoto anayepanda mlima kutafuta kuni hana ubaya na ua hilo. Ana sufuria jikoni na watoto wenye njaa. Anayetaka msitu ubaki lazima ajibu swali la kuni kwanza, kwa majiko yanayotumia kuni chache na miti ya kupanda karibu na nyumba, ndipo alete habari ya maua.

MLALO NA MTAE

Wenye siku zaidi wapande hadi Mlalo, ambako wamisionari Wohlrab na Johanssen walianza kazi mwaka 1891. Kijiji kimelala bondeni, nyumba zimepandana mlimani, na kanisa la zamani lipo. Mtae iko mbali zaidi, mwisho kabisa wa milima, juu ya ncha ambapo nchi inaanguka pande zote. Asubuhi kukiwa hakuna ukungu unaona hifadhi ya Mkomazi chini na milima ya Upare ng'ambo. Njia ni ndefu na ya vumbi au ya matope kutegemea na msimu. Kwa watoto walio chini ya miaka minane naona inachosha mno.

MAMBO YA KUPANGA

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni ya baridi kali. Chukueni masweta, soksi na blanketi moja la ziada hata kama mtalala hosteli ya kanisa. Masika, yaani Machi hadi Mei, epukeni, kwani njia za vijijini huteleza na udongo huporomoka. Desemba na Januari kuna matunda. Jua la milimani hudanganya: hewa ni baridi lakini ngozi inaungua, hivyo kofia ni lazima, na kwa mtoto mwenye ualbino hata mikono mirefu.

Wenyeji wengi wa Lushoto ni Waislamu, na wanaishi na Wakristo katika ukoo mmoja bila ugomvi. Vaa kitenge au sketi ndefu, uwe na kanga begani, na ukikaribishwa chai kaa unywe. Kiongozi wa njia tafuteni kwenye ofisi zinazojulikana pale mjini, mpatane bei kabla hamjaondoka, na mwulize kama anayajua masimulizi ya Mbegha ama anajua njia tu.

Siku tatu zinatosha kwa mara ya kwanza: siku moja Irente, moja Magamba, moja Vuga mkiwa mnashuka. Mboga zinunuliwe Soni siku ya kurudi, si siku ya kupanda. Kabichi la Lushoto ni zito, na njia ya Irente ni ndefu.